Maktaba na IT wakiwekwa idara moja: niliyoyaona nikiwa kaunta

Mimi ni mkutubi, nimekaa kaunta ya kuazimisha vitabu miaka mingi kwenye chuo kimoja hapa Tanzania, na chuo chetu kiliunganisha maktaba na IT ikawa idara moja. Nasikia na vyuo vingine vinataka kufanya hivyo, kwa hiyo wacha niseme, maana kwetu ilikuja barua na chati ya madaraka, nani juu nani chini, basi, na miezi ya kwanza tulikuwa tunanuniana tu.

Kitu kilichonifanya niamini kwamba tunahitajiana kilitokea kabla hata ya hiyo barua. Majarida ya mtandaoni tunayopata kupitia COTUL, ule umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, mengi yanamtambua msomaji kwa IP ya chuo, zile namba zinazoitambulisha netiweki kwenye intaneti, yaani ukiwa ndani ya netiweki ya chuo yanafunguka yenyewe. Sasa wenzetu wa IT wakabadilisha kampuni ya intaneti, spidi ikapanda kweli, kila mtu akafurahi, ila IP zikabadilika na hakuna aliyetuambia, na sisi pia hatukuwahi kuwaambia kwamba zile namba ndio funguo zetu. Wiki tatu wanafunzi wanakuja, "Madam, jarida linadai hela", mimi nawajibu subirini mtandao utulie, kumbe chuo kimeshalipia kila kitu na sisi tumejifungia nje. Kuna binti wa mwaka wa mwisho alikabidhi ripoti yake ya utafiti kwa vile vichache alivyovipata. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Kwa hiyo kabla ya chati, kaeni meza moja kila upande useme kazi zake zinategemea nini cha mwenzake. Sisi tulifanya hivyo tumeshachelewa. Ndio IT wakagundua Koha yetu, ile programu ya kuendeshea maktaba, inakaa kwenye komputa chini ya meza ya mkutubi mmoja, na bakapu anachukua yeye kwenye flashi akikumbuka. Watu wanadhani kwa kuwa Koha ni ya bure basi inajiendesha, hapana, inakaa kwenye Linux, mfumo wa kuendesha komputa kama Windows ilivyo, inataka kuapdetiwa, inataka mtu anayeijua. Na wao pia walikuwa hawatuelewi: kijana mmoja wa IT, mchapakazi sana, alitaka kufuta rekodi "zinazojirudia" kwenye katalogi, ile orodha ya vitabu vyetu, nilipoangalia nikakuta ni matoleo tofauti ya kitabu kilekile! Nikamwita nikamtolea vitabu vyenyewe rafuni akaviona kwa macho. Toka siku hiyo hagusi rekodi bila kuuliza, na mimi sigusi sava.

Halafu kaunta. IT walikuwa wanafunga ofisi saa tisa na nusu, maktaba inafungwa saa nne usiku, kwa hiyo jioni nzima shida za paswedi na waifai zinatuangukia sisi na hatuna ruhusa ya kubadilisha chochote. Wenzangu wengine wakaanza kuandika paswedi za wanafunzi kwenye daftari, jambo la hatari sana, msiruhusu kabisa. Dawa yake ilikuwa ndogo tu, tukapewa uwezo wa kurisetia wanafunzi paswedi, wanafunzi tu sio wafanyakazi, kila mkutubi kwa akaunti yake ili ijulikane nani kafanya nini, na mtu wa IT akawa anakaa kaunta kwa zamu jioni. Foleni ya asubuhi mlangoni kwao ikaisha.

Sasa hela, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Vifungu vya bajeti msivichanganye. Mwaka wetu wa kwanza viliwekwa pamoja, radi ikapiga ikaunguza swichi za netiweki na UPS, yale mabetri ya kushikilia umeme ukikatika, zikanunuliwa nyingine, na mwaka ule hatukununua kitabu hata kimoja. Silaumu IT, netiweki ikizima chuo kizima kinapiga kelele, ila kitabu kisiponunuliwa hakuna anayepiga simu, anaumia mwanafunzi peke yake kimya kimya. Kwa hiyo lazima iandikwe kwamba kifungu cha vitabu na majarida hakiguswi, na mwenye kusaini awe mkutubi.

Kuhusu mkuu wa idara, atoke upande wowote, ila msaidizi wake atoke upande wa pili na awe na sauti. Wenzetu wa nje walianza zamani, Columbia ya New York iliweka maktaba na kituo cha komputa chini ya uongozi mmoja mwaka 1986, na kuna vyuo Marekani na Uingereza viliungana halafu vikaachana tena, kwa hiyo msione aibu kukiri kwamba kuna kazi haziunganishiki. Kukatalogi ibaki kwa wakutubi.

Na muundo wa utumishi mwulize mtu wa rasilimali watu mapema. Mkutubi anapanda daraja kwa muundo wake na mtu wa IT kwa wake, idara kuwa moja hakubadilishi hilo, na kwetu watu walikosa usingizi wakidhani wamepoteza kada zao kumbe hakuna aliyewaeleza. Posho ya zamu ya jioni nayo iandikwe kabla zamu hazijaanza, kwetu iliahidiwa kwa mdomo na bado tunaifuatilia.