"Charge" ya simu, ya polisi na ya hela: shika neno mzigo

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje "charge" iwe ya simu, iwe ya polisi na bado iwe ya hela. Neno hili limewahi kunikata mshahara, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mtwara. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Akaja mgeni, Mzungu, na mfuko wa nguo chafu mkononi: "Any charge?" Mimi niliyoijua ni chaji ya simu tu. Nikamjibu kwa heshima zote, "No charge, sir," huku nikimwonyesha taa iliyozimika. Akashukuru sana, akaacha mfuko. Nguo zikafuliwa, zikapigwa pasi ya mkaa, na siku ya kuondoka akagoma kulipa kwa sababu nilishamwambia ni bure. Haki ilikuwa yake. Hela ikatoka kwangu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyewahi kuwa karani bandarini. "Mwanangu, charge ni mzigo." Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini, carrus, gari la kubebea mizigo. "Cargo" unayoisikia pale bandarini wakati wa korosho ni ndugu yake wa damu. Ukishika mzigo, mengi yanakaa sawa: betri unaipakia umeme, mteja unambebesha gharama, mshtakiwa anatwishwa kosa. Hata gobole la wawindaji wa Liwale, kile kipimo cha baruti kinachoshindiliwa mtutuni nacho ni "charge". Ila ukisoma "the elephant charged", mzigo usiutafute; tembo anakuja mbio kukushambulia.

Halafu tazama kineno kinachofuata. "Charged for" umetozwa. "Charged with" umeshtakiwa, au umekabidhiwa kazi. Na hapa wengi wanateleza: "the nurse is in charge of the child", nesi ndiye msimamizi, kama tunavyomwita mganga mfawidhi wa zahanati inchaji. Lakini "the child is in the charge of the nurse", anayesimamiwa ni mtoto. Ukiitoa hiyo "the" moja tu kabla ya "charge", mtoto ndiye anakuwa msimamizi wa nesi.

Siku hizi mgeni akiniuliza "any charge?" nami namuuliza kwanza: "For what, sir?"