Ndimu Juu ya Sahani ya Maharage

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni kiungo gani cha jikoni chenye manufaa makubwa zaidi kwa afya ya familia. Wengi watataja tangawizi, kitunguu saumu au manjano, nami sina ugomvi nao, lakini nachagua ndimu, kwa sababu ya kazi inayoifanya inapokamuliwa juu ya maharage au mchicha.

Katika nyumba ambazo nyama hailiwi kila siku, madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, hutegemewa kutoka kwenye maharage, kunde, choroko na mboga za majani. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina takriban miligramu 2 hadi 3 za chuma, ila chuma cha mimea, tofauti na kile cha nyama na maini, hufyonzwa kwa shida, kwani asidi ya fitiki iliyomo kwenye nafaka na jamii ya kunde hukishika kisipite kwenye utumbo. Vitamini C ya ndimu hukibadili chuma hicho kikawa katika hali ambayo mwili hukipokea kwa urahisi zaidi, mradi viliwe pamoja katika mlo uleule.

Vitamini C huharibiwa na moto, kwa hiyo anayekamulia ndimu kwenye sufuria inayotokota hubakiwa na ukali wake na kupoteza sehemu ya faida. Ikamuliwe mezani, chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Ndimu ikiadimika au bei ikipanda, kachumbari ya nyanya na pilipili hoho mbichi hufanya kazi hiyohiyo, na pera, ambalo lina vitamini C mara kadhaa kuliko ndimu, likiliwa papo hapo baada ya mlo linafaa sana.

Kinachonisikitisha ni desturi yetu ya kuteremshia chakula kwa chai. Tanini, yaani viambata vinavyoipa chai ukakasi wake, hushikamana na chuma cha mimea, hata sehemu kubwa yake ikapita mwilini bila kutumika, na inauma kuona mama mjamzito, ambaye mwili wake unahitaji chuma kuliko wakati mwingine wowote, akila maharage yake kwa chai ya rangi. Chai hiyo ingesubiri saa moja tu baada ya kula.

Yale yanayosemwa kwamba maji ya ndimu huyeyusha mafuta ya tumbo siyaungi mkono, na mwenye vidonda vya tumbo asijilazimishe kuinywa. Vilevile ndimu haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito: vimezwe kama mhudumu wa afya alivyoelekeza, kwa maji, visimezwe kwa chai.