Upondo Kwanza, Tanga Baadaye

Juzi nilikuwa nimeshika usukani, nikiwatazama vijana wawili kule omo, mbele ya chombo, wakipigana na upondo, ule mti wa kulishikilia tanga nje ya ubavu. Tanga la mbele walishalifungua lote, linapigapiga kama nguo iliyosahaulika kambani. Mmoja kaukumbatia upondo utadhani yuko dansini, mwenzake anaifukuza pembe ya tanga kwa mkono mmoja. Nilinyamaza, na si kwa upole. Nilikuwa najiona mwenyewe. Nayaandika haya ili safari ijayo nisilazimike kupiga kelele.

1. Upondo usimame wenyewe kabla tanga halijafika. Kamba ya juu, kamba ya omo, kamba ya tezi (ya nyuma), zote tatu zikazwe, demani, yaani kamba ya kuvutia pembe ya tanga, iwe imeshapita kwenye taya la ncha ya upondo, na tanga bado limekunjwa. Utikise: usitikisike. Ndipo uvute demani, tanga lifunguke kuufuata. Wakati wa kuondoa, anza kwa kulikunja tanga. Upondo hauna haraka. Mnasema kamba tatu ni nyingi. Nami niliwahi kusema hivyo.

2. Inayopita kwenye taya ni demani. Taya lisibanwe kwenye pete ya pembe ya tanga. Hapa mtanivumilia.

Nilikuwa na miaka michache ya bahari, ile michache inayomfanya mtu ajione anajua. Zamu ya usiku wa manane, upepo wa tezi, nahodha kalala. Niliubana upondo moja kwa moja kwenye pete, nikaweka kamba ya juu peke yake. Ya omo na ya tezi niliziona urembo. Na kweli, kwa saa mbili chombo kilikimbia vizuri mno. Tunakwenda noti 7 (maili 7 za bahari kwa saa), shingoni nasikia upepo wa noti 13, mwanana kabisa. Hesabu ya darasa la pili ikanishinda: tulikuwa tunaukimbia upepo, kwa hiyo 13 na 7 ni 20. Upepo wenyewe ulikuwa noti 20, na nyuma yetu wingu lilikuwa linazifunika nyota moja moja.

Lilipotufikia nilivuta kamba ya kukunjia tanga. Halikukunjika. Lingekunjikaje, na pembe yake imeshikwa na mti uliotoka nje ya ubavu? Nikavuta kwa winchi. (Kitu kikikataa, jamani, jueni kwanza kwa nini kinakataa, winchi baadaye.) Nikatambaa hadi omo kulifungua taya kwa mkono. Taya lililobeba uzito wote ule halifunguki hata ulibembeleze. Nikampigia kelele mshika usukani ageuze kidogo, tanga lipungue nguvu. Akageuza. Upepo ukalipiga tanga kwa upande wa mbele, likapinduka, likajaa tena kwa kishindo, na ule upondo usio na kamba ya omo ukapanda juu kama mkono wa mtoto anayejua jibu. Ukashuka juu ya waya za ubavuni zinazoushika mlingoti, ukakatika vipande viwili. Kipande cha nje kikabaki na tanga, ncha imechongoka, kinachapa huku na huku gizani, nami nimelala kifudifudi nasikiliza kitambaa kikichanika juu yangu, taratibu, kirefu.

Nahodha akatoka na tochi. Akakimulika kipande, akaimulika pete. "Nani aliufunga?" Alikuwa anajua. Sitahani tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa kwenye usukani.

Ninachokionea haya zaidi si lile tanga. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki nikimtupia lawama mshika usukani: aligeuza sana, hakusikia vizuri. Aligeuza vilevile nilivyomwambia. Demani ingekuwa kwenye taya, ningeilegeza nikiwa nimekaa, tanga likakunjwa, na upondo ukasimama peke yake hadi alfajiri, hata kama tungelazimika kugeuza omo tukabili upepo kumfuata mtu aliyeanguka. Na mkigeuka hivyo, kumbukeni zile noti 13 huwa kama 24, maana sasa mwendo wa chombo, hata ukipungua, unaongezeka juu ya zile 20, na nguvu kwenye tanga hupanda zaidi ya mara 3.

3. Upondo usiegemee waya, wala ya mbele wala za ubavuni.

4. Taya linaisaga demani. Kila zamu ilegeze au ikaze upana wa vidole vinne, mkwaruzo usirudi palepale. Niliwahi kusafiri na mzee aliyekuwa akiipapasa demani yote kila alfajiri kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Tulimcheka wiki nzima. Siku ya nane akatuonyesha nyuzi tatu zilizobaki, akaikata, akaifunga upya, ndipo akatuamkia.

5. Tanga kuu liende upande wa pili, na boriti yake, ule mti wa chini ya tanga, ifungwe kamba ya kuelekea omo. Nisieleze kwa nini. Ambaye boriti imewahi kumpitia kichwani atawaeleza, kama bado anakumbuka.

Yule aliyekuwa akicheza dansi alinifuata jioni. "Mzee, taya litazame juu au chini?" Juu, mwanangu. Ukilifungua, upondo unashuka na demani inabaki hewani. Likitazama chini, itabidi uuinue upondo mzima ili demani itoke.

Akaitikia, akaenda omo kimya kimya kuugeuza. Ulikuwa umetazama chini kutwa nzima.