Mafuta Muhimu? Muhimu kwa Nani?

SWALI: Natengeneza sabuni ya nazi hapa Mikindani na natia mafuta ya mchaichai. Aliyenichorea lebo ameandika "mafuta muhimu ya limau". Ni sahihi? Na je, ni mchaichai au mchai chai?

JIBU: Ni mchaichai, neno moja: chai imerudiwa, ikavishwa m- ya mimea. Hilo limekwisha.

Linaloniudhi ni "mafuta muhimu". Muhimu kwa nani? Mafuta ya ufuta wa Lindi ni muhimu, yanapikiwa. Dizeli ya boti ni muhimu, bila hiyo mvuvi haendi baharini wala harudi na kitoweo. Chupa ndogo ya mchaichai ikikosekana, nani atalala njaa? Jina la Kiingereza, "essential oil", lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiini, yaani mafuta yaliyobeba kiini cha harufu ya mmea. Mtafsiri akakamata maana nyingine ya "essential", akatubebesha umuhimu usiokuwemo. Limeshaenea, najua, lakini mimi siliandiki.

Sema "mafuta ya mvuke ya mchaichai", maana mvuke ndio unaoyatoa. Majani hunyaushwa kidogo, hukatwakatwa, hupangwa juu ya wavu ndani ya pipa la maji yanayochemshwa. Yakizama na kugusa kitako cha pipa huungua, na mafuta hunuka moshi. Mvuke ukipoozwa, mafuta huelea juu ya maji. Kilo 100 za majani mabichi hutoa gramu 200 hadi 500 tu. Aliyeloweka majani kwenye mafuta ya nazi ana mafuta ya nazi yenye mchaichai, basi. Dondoshea karatasi: ya mvuke huruka, ya nazi huacha doa.

"Limau" ndilo kosa zito zaidi. Mchaichai hunukia hivyo kwa sababu ya sitrali, kemikali ya harufu ambayo ni kama asilimia 65 hadi 85 ya mafuta yake. Mafuta ya maganda ya limau yana sitrali kidogo. Sehemu kubwa ni limonini, kemikali nyingine ya harufu. Sitrali huwasha ngozi za baadhi ya watu, ndiyo maana kwenye mafuta ya kujipaka mchaichai hauzidishwi mililita 0.7 kwa kila 100. Mteja anayedhurika na mchaichai akisoma "limau", atanunua bila wasiwasi.

Andika: "Sabuni ya nazi yenye mafuta ya mvuke ya mchaichai." Ukitaka limau litajwe, ongeza "hunukia kama limau", na hilo "kama" mchoraji asilifute.