Barua kwa mwanangu: uliponiuliza habari za Susanna Clarke

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara tatu. Unasema umefika katikati ya Piranesi, kile kitabu nilichokutilia kwenye begi, ukaona kwamba kilitoka miaka 16 baada ya riwaya ya kwanza ya mwandishi wake, na kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa anaumwa. Ukaniuliza: "Mama, muda wote huo aliolala, alijuaje kwamba bado yeye ni mwandishi?"

Najua huulizi habari za Susanna Clarke peke yake. Huu mwezi wa tisa tangu homa ikuondoke na kukuachia uchovu usiokwisha, na umeniambia kwamba kwenye daftari la kijani umeandika ukurasa mmoja tu tangu hapo.

Hakujua, mwanangu. Amesema mwenyewe kwamba ilifika mahali hakujiona tena kuwa mwandishi. Ngoja nikueleze alikotokea, maana bila hilo utadhani alikuwa mtu wa kuandika upesi ambaye ugonjwa ulimchelewesha. Hata alipokuwa mzima aliandika polepole.

Alizaliwa Nottingham mwaka 1959. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, kwa hiyo walihamahama mji hadi mji, kaskazini mwa Uingereza na Uskoti. Akasoma Oxford, akafanya kazi kwenye uchapishaji, kisha akaenda kufundisha Kiingereza Turin, Italia, halafu Bilbao, Hispania. Huko Bilbao alipata kitu kama ndoto ya macho: mwanamume mwenye mavazi ya karne ya 18, mahali panapofanana na Venice, anazungumza na watalii wa Kiingereza, na nyuma yake kuna jambo la sihiri lililoharibika vibaya. Hakumjua mtu huyo ni nani. Alirudi kwao 1992, na mwaka uliofuata akaanza kumwandika.

Kitabu kilimchukua miaka kumi. Mchana alikuwa Cambridge akihariri vitabu vya mapishi. Hapo ndipo moyo wangu ulipomshika, kwa sababu mimi nimesahihisha prufu za vitabu vya watu kwa miaka 22. Ukisahihisha kitabu cha mapishi, kazi yako ni kuhakikisha kijiko cha chai cha chumvi hakikugeuka kijiko cha mezani, na kwamba vitunguu vilivyotajwa kwenye mahitaji vinaingia sufuriani kweli. Ikifika saa kumi jioni jicho limekufa. Yeye riwaya yake aliiandika alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Na hakuanza ukurasa wa kwanza akaenda moja kwa moja. Aliandika vipande vipande, tukio hapa, mazungumzo pale, kisha akaviunga. Kufika 2001 alikuwa ameanza kukata tamaa kwamba hakitakwisha.

Kilikwisha. Jonathan Strange & Mr Norrell kilitoka 2004, kurasa karibu 800, na tanbihi nyingi ajabu, nyingine ni hadithi kamili zinazojitegemea. Mwaka 2005 kikapata tuzo ya Hugo na ya World Fantasy, tuzo kubwa za hadithi za kubuni za mambo ya ajabu. Neno "uchawi" linanitaabisha ninapokieleza, maana kwetu uchawi ni roho mbaya na usiku. Uingereza yake ya wakati wa vita vya Napoleon ina mabwana wanaokutana York kusomeana makaratasi juu ya elimu ya sihiri, na hakuna hata mmoja anayeweza kuifanya. Mpaka anatokea Bwana Norrell, mzee mchoyo wa vitabu, anayafanya masanamu ya kanisa kuu la York yaseme.

Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya kitabu hicho kuna mwanamke kijana, Lady Pole. Amekufa, na Norrell anamfufua kwa msaada wa kiumbe mmoja ambaye mimi humsoma kama jini: mzuri wa sura, mkarimu, hana huruma hata chembe. Malipo ya jini ni nusu ya uhai wa yule mwanamke. Norrell alidhani ni nusu ya miaka yake. Jini akachukua usiku wake. Kila usiku Lady Pole anapelekwa kwenye jumba la majini kucheza dansi hadi alfajiri, na kila siku anaamka amechoka hoi, hajiwezi. Watu wanamwona amekaa dirishani, wanasema ana huzuni. Akifungua kinywa aeleze yaliyompata, inatoka hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Mtumishi wao, Stephen Black, mwana wa mwanamke mtumwa, amefungwa na jini huyo huyo, anachoka vivyo hivyo na hawezi kusema vivyo hivyo. Wanatazamana tu, kila mmoja akijua.

Aliandika hayo akiwa mzima. Mwaka 2005, kitabu kikiwa kinasifiwa dunia nzima, akaanguka. Baadaye madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa uchovu sugu. Niliposoma habari hiyo nilirudi kwenye sura za Lady Pole, nikalia. Na wewe ulipoanza kurudi kutoka kwa daktari na majibu kwamba vipimo ni safi, jioni nikikuona unashindwa kunieleza uchovu huo ni wa namna gani, nilimkumbuka yule mwanamke wa dirishani.

Mkusanyiko wa hadithi fupi ulitoka 2006, kisha kimya. Alikuwa na kazi nyingine kubwa mikononi, lakini riwaya kubwa ya watu wengi na uchunguzi mwingi inataka kichwa chenye nguvu, naye hakuwa nacho. Halafu BBC wakakigeuza kitabu cha kwanza kuwa tamthilia ya vipindi saba, iliyoonyeshwa 2015. Akaenda kuwaona wakirekodi, na pale watu wakampokea kama mwandishi. Amesimulia kwamba hilo lilimsaidia sana, maana yeye alikuwa hajioni hivyo tena. Kwa hiyo ukiuliza alijuaje, angalau mara moja aliambiwa na wengine.

Kisha akafanya jambo ninaloliona la busara kuliko yote. Aliiacha ile mizigo mikubwa, akachukua wazo la zamani lililokuwa dogo, lenye watu wachache, ambalo nguvu zake zingeweza kulibeba. Ndicho kitabu ulichonacho, hakifiki hata kurasa 300.

Mwisho wake sikuambii. Lakini umeshamwona Piranesi kwenye ile Nyumba isiyo na mwisho, kumbi na masanamu, bahari ikiingia ghorofa ya chini. Anaandika jedwali la maji yanavyojaa na kupwa. Babu yako Pangani angemwelewa upesi, yeye aliyejua siku za bamvua na za maji mafu bila kutazama kalenda. Umefika pale ndege mkubwa wa baharini, albatrosi, anapokuja na mwenzake, na hawana cha kujengea kiota? Piranesi anawapa mwani wake mkavu, aliouweka wa kuwasha moto wakati wa baridi. Anapiga hesabu kabisa, siku ngapi atakaa bila moto, halafu anawapa. Mwaka ule wote anauita kwa jina la albatrosi. Mimi naamini ni mtu aliyefungiwa ndani miaka mingi tu anayeweza kuandika ukurasa ule, kwa sababu anajua ndege mmoja kuja dirishani ni habari ya mwaka mzima.

Piranesi kilitoka Septemba 2020, watu wengi duniani wakiwa wamefungiwa majumbani, na 2021 kikapata Tuzo ya Wanawake ya Riwaya huko Uingereza. Aliposimama kuipokea alisema hakuwahi kudhani angepona kiasi cha kukiandika, na kwamba anatumaini kusimama kwake pale kutawatia moyo wanawake wengine waliolazwa na ugonjwa mrefu. Hakusema amepona. Tangu hapo ametoa kijitabu kidogo cha hadithi ya msitu wakati wa baridi, 2024, na mimi nilikifurahia kwa udogo wake.

Jumamosi napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nakuja na nguru wa kukaanga na ndimu za nyumbani. Usihangaike kupika wala kufagia, nitafanya mwenyewe. Ila daftari la kijani liweke karibu na kitanda. Nataka unisomee ule ukurasa, hata kama uliishia katikati ya sentensi. Ukichoka, nitausoma mimi, wewe ufumbe macho usikilize.

Mama yako