Itikise kwanza

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Nazi na dafu ni matunda mawili, au ni tunda moja lenye majina mawili?" Aliyelitunga swali hili nadhani hajawahi kutumwa nazi na mama wa Kipemba.

Mimi nimetumwa. Nilikuwa na miaka minane au tisa, kwetu karibu na Wete, na asubuhi ile mkwezi alikuwa ametuangulia. Chini ya mnazi zimetapakaa za kila namna. Nikachagua moja kubwa, kumbi lake bado lina ukijani, nikaipeleka jikoni najiona mwanamme. Mama hakuitazama hata. Aliinyanyua mpaka sikioni, akaitikisa.

"Khaa! Nimekutuma nazi, weye waniletea koroma?"

Basi tunda ni moja, lakini majina si mawili tu. Likiwa dogo kama ngumi ya mtoto ni kidaka, na vidaka vingi huanguka vyenyewe kabla havijafika popote. Vinavyoshika huwa vitale, kisha madafu, kisha makoroma, ndiyo tena nazi. Ikiachwa mpaka ikachipua, ndani hujaa joya, jepesi kama sifongo na tamu, na watoto hugombana kwa ajili yake.

Mama alikuwa anasikiliza nini? Dafu limejaa maji pomoni, ukilitikisa halisemi kitu. Nazi maji yake yamepungua, yana nafasi ya kucheza, utayasikia chubwi, chubwi. Koroma lipo katikati, sauti imebanwa. Nyama yake imeshakuwa nene, si ile laini ya kukomba kwenye dafu, lakini ukilikuna na kulikamua tui linatoka jepesi, halina mafuta. Siku ile lilikunwa vivyo hivyo kwa kuwa jua lilishapanda, na mchuzi wa pweza ukawa maji matupu. Baba alikula kimya. Mimi nilitazamwa.

Halafu kuna mbata. Hapo maji yamekwisha, nyama imekauka na kubanduka kwenye kifuu, ukiitikisa inagonga ndani kama jiwe koponi. Hiyo ndiyo ya kukamuliwa mafuta, na zamani Unguja na Pemba zikiuza mbata nje pamoja na karafuu. Kwa hiyo mtu akisema "nazi kavu", mimi humuuliza: kavu ipi, ya kukuna au ya kukamua?

Hata ngeli zimeachana. Tunasema nazi hii, nazi hizi. Lakini dafu hili, madafu haya, na koroma linamfuata dafu. Na kitendo pia. Nazi hufuliwa, yaani unaichoma kwenye kifuo, ile ncha iliyosimikwa ardhini, ukaibandua kumbi. Dafu hukatwa kwa panga. Ndiyo maana mtu akiambiwa "hafui dafu" mimi huona msemo umekaa sawasawa, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Muuza madafu mjini hakuulizi kama unataka changa. Anauliza: "La maji au la nyama?" Ukimwambia nipe nazi changa atajua umeshuka na boti ya asubuhi.

Nimalizie na mti wenyewe, maana mliuliza pia kama "mnazi" una maana nyingine. Kwetu mnazi ni mti, na kinywaji kinachogemwa humo ni tembo. Mgeni kutoka bara hushtuka akisikia tembo limo kibuyuni, kwa sababu kwao tembo ni yule mnyama tunayemwita ndovu. Kwa upande wa Mombasa, kinywaji nacho huitwa mnazi. Binamu yangu wa huko alipotuhadithia kwamba mzee fulani mtaani kwao anakunywa mnazi kila jioni, bibi alimuuliza kwa upole: "Na makuti yake anayaweka wapi?"

Msomaji, Pemba