Jibu: Nimewahi, mfumo unasema nimechelewa

Habari ndugu. Umepakia kazi kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, saa 5:40 usiku, mwisho ni 5:59, na bado umeandikiwa umechelewa. Kabla hujamwandikia mhadhiri kwa hasira, fungua wasifu wako uangalie saa za eneo. Moodle huonyesha tarehe kwa saa ulizoweka pale. Zangu zilikuwa za nchi nyingine tangu nijisajili, muhula mzima nikasoma tarehe kombo!

Ziko sawa? Basi tazama kama kazi bado ni "rasimu". Mwalimu akiweka kitufe cha kuwasilisha, kupakia faili tu hakutoshi. Hapo ndipo wengi tunaliwa. Piga picha ya skrini, saa ya kupakia ionekane, uiambatishe kwenye barua pepe yako kwa mhadhiri.